Boksi la Ekerenyo

Mwaka ule wa sabini na mbili, mvua za masika zilipandisha malaria hadi milimani, huko ambako wazee walizoea kujisifu kwamba mbu wa ziwani hawezi kuvumilia baridi. Wodi ya watoto ya hospitali ya misheni, ile iliyokuwa juu ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Nyamira, ilijaa mpaka watoto wakalazwa wawili wawili, mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Mama zao walilala sakafuni. Kila asubuhi mtu alipofungua mlango alipokewa na harufu ya jasho, dawa ya kusafishia na uji ulioungua.

Msimamizi wa wodi hiyo alikuwa Sista Eucabeth Nyamoita, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, ambaye hakuolewa na hakupenda kuulizwa sababu. Miongoni mwa manesi waliokuwa chini yake alikuwamo Esnah, mke wa mdogo wake Onchiri. Eucabeth ndiye aliyemsihi Onchiri asimzuie mkewe kwenda kusomea uuguzi, na ndiye aliyemwombea nafasi katika wodi yake. Nyumbani waliitana wifi. Kazini Esnah alimwita Sista kama wengine wote, na hakuwahi kukosea.

Wodini kulikuwa na sheria moja ambayo Eucabeth aliishika kama dini: sindano haimgusi mtoto mpaka watu wawili wawe wamesoma kichupa cha dawa. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa macho. Lakini siku zile manesi walikuwa wachache na watoto wengi, na sheria ilianza kulegea taratibu, bila mtu kuona siku ilipolegea.

Asubuhi moja mtoto wa kitanda cha mwisho alishikwa na degedege. Eucabeth alikuwa amemlaza ubavu, anamshikilia asijiume ulimi, Esnah alipomsogelea na kisahani chenye sindano na kichupa.

"Sista, nisomee hii ya Manasseh."

Eucabeth hakuinua uso. "Ni ile ya kila siku?"

"Ndiyo, ile ile."

"Endelea."

Manasseh alikuwa mtoto wa Ratemo na Bochaberi, wakulima wa Ekerenyo. Alikuwa amelazwa tangu mwanzo wa juma kwa sababu vidonge alivitapika vyote, ikabidi adungwe. Asubuhi hiyo homa ilikuwa imeshuka. Alikuwa ameketi, ameegemea ubavu wa mama yake, na alikuwa ameomba ndizi mbivu. Esnah alimdunga pajani, akamsugua, akampa pole, akaenda kwa mwingine.

Haukupita muda Bochaberi akaita. Hakupiga kelele. Aliita tu, kama mtu anayeita jirani ng'ambo ya ua, na labda ndiyo sababu hakuna aliyekimbia mara moja. Eucabeth alipofika, mtoto alikuwa amelegea, midomo imebadilika rangi, pumzi inakuja kidogo kidogo kisha inasahau kuja. Alimlaza chali akambonyeza kifua. Alimpulizia mdomoni. Alifanya yote aliyofundishwa, kwa utaratibu aliofundishwa, na mtoto akafa mikononi mwake wodi nzima ikitazama.

"Malaria imempanda kichwani," alisema nesi mmoja kwa sauti ya chini. Mama wengine wakaitikia kwa kuguna. Mwezi ule maneno hayo yalikuwa yamesemwa mara nyingi wodini, na kila mara yalikuwa kweli.

Esnah alisimama kando ya kitanda huku machozi yakimtiririka. Eucabeth hakulia. Alimfunika mtoto, akamshika Bochaberi bega kwa muda, kisha akaenda kunawa mikono, kwa sababu kulikuwa na watoto wengine ambao saa yao ya dawa ilikuwa imefika.

Kwenye meza ya dawa hakukuwa na mtu wa kusoma naye. Akachukua kichupa akajisomea mwenyewe, kwa sauti, kama aliyekuwa na mwenzake pembeni. Jina la dawa lilikuwa lile lile. Kioo kilikuwa kile kile, na maandishi yale yale ya buluu. Lakini tarakimu iliyoandikwa chini ya jina haikuwa ile anayoijua. Akasoma tena. Dawa ya kichupa hicho ilikuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya ile waliyozoea, dawa ya kuwadunga watu wazima. Aliinama akatafuta ndani ya debe la taka mpaka akapata kichupa ambacho Esnah alikivunja shingo ili kuvuta dawa. Kilikuwa cha aina hiyo hiyo. Mtu wa stoo alikuwa amepokea maboksi mapya na kuyapanga mahali pa yale ya zamani, na hakuna aliyesema neno.

Alingoja moyo umpasuke, au magoti yamlegee. Hakuna kilichotokea. Alihisi kama mkono uliolaliwa usiku kucha, ambao unauona ni wako lakini ukiugusa hausikii.

"Hakuna kudunga mtu," aliwaambia manesi. "Mpaka nirudi."

Akachukua sinia lote la vichupa akaenda ofisini kwa metroni.

Metroni Persis Nyangate alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho tangu misheni ijengwe. Alikuwa amekabidhiwa funguo mwaka uliotangulia tu, na alijua kuna watu waliokuwa wakingoja kwa hamu azidondoshe. Alivaa miwani, akasoma kichupa kimoja, akakirudisha kwenye sinia kwa uangalifu mkubwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Na aliyedunga?"

"Esnah. Hajui bado. Lakini alinijia nimsomee, Metroni, nikamwambia aendelee bila kutazama."

Metroni alivua miwani. "Yule mtoto alikuwa na malaria, Eucabeth. Malaria inaua. Hata daktari angekuwa hapa hangeweza kuapa ni nini kilichomuua."

"Alikuwa ameomba ndizi."

Nje, wafagiaji walikuwa wakicheka jambo fulani.

"Maboksi haya yalikuja mangapi?" Eucabeth aliuliza.

Metroni alimtazama, kisha uso wake ukabadilika. Akaita mtu wa stoo. Mtu wa stoo akaeleza kwamba boksi moja liko wodi ya watoto, mengine hayajafunguliwa, na moja Nyamongo dereva alilipeleka jana kwenye zahanati ya misheni kule Ekerenyo, pamoja na bandeji na sabuni. Zahanati hiyo haikuwa na simu.

Metroni alisimama. "Chukua Landrova uende sasa hivi."

"Na wale wazazi? Ni watu wa Ekerenyo. Wanahitaji gari la kumrudisha mtoto nyumbani."

"Wapande hilo hilo. Mambo ya kuongea nao tutaongea baadaye."

"Siwezi kukaa nao garini njia nzima nimenyamaza."

Metroni aligeuka akatazama dirishani. "Basi waambie," alisema hatimaye. "Lakini usiseme mimi ndiye niliyekutuma."

Esnah aliambiwa ukweli katika chumba cha mashuka, akafungiwa humo wazazi wasimwone. Ratemo alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa baiskeli, matope hadi magotini. Alimkuta mkewe ameketi kwenye benchi la nje na mtoto amefungwa blanketi mapajani mwake. Eucabeth alichuchumaa mbele yao akawaambia kwa Kigusii, polepole, bila kuficha kitu. Aliwaambia kwamba mtoto wao alikuwa anapona. Kwamba dawa aliyodungwa ilikuwa ya mtu mzima. Kwamba nesi alikuja kwake kichupa kisomwe, na yeye hakukisoma.

Ratemo alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja bado umeshika usukani wa baiskeli.

"Kwa hiyo si malaria," alisema.

"Si malaria."

"Kwa nini unatuambia?"

"Kwa sababu ni mtoto wenu," alisema.

Bochaberi alikuwa akiikunja fulana ya mtoto, anaikunjua, anaikunja tena.

Baiskeli ikafungwa juu ya gari kwa kamba. Nyamongo aliendesha. Bochaberi na mumewe waliketi nyuma na mtoto, na Eucabeth akaketi nao kwa sababu aliona haya kukaa mbele. Barabara ilikuwa ya utelezi na gari lilikuwa likiyumba. Kila lilipoyumba, Bochaberi aliweka kiganja chini ya kichwa cha mtoto kisigonge. Eucabeth alimtazama akifanya hivyo njia nzima. Alijua ni jambo ambalo mtu akiliona anapaswa kulia, na aliketi pale akiwa na macho makavu, anahesabu vichupa akilini mwake.

Zahanati ya Ekerenyo ilikuwa chumba kimoja cha bati kando ya soko. Foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni ilikuwa imeizunguka nyumba yote. Ndani, mganga msaidizi alikuwa ameshalifungua lile boksi. Alikuwa ameanza na watu wazima, na hao walikuwa salama. Alikuwa akijifuta mikono tayari kuwaita watoto. Eucabeth alimwonyesha tarakimu. Yule bwana alisoma, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nilikuwa naanza sasa hivi, Sista," alisema. "Sasa hivi."

Eucabeth alilifunga boksi akatoka nalo. Akina mama walipomwona anaondoka na dawa, walimzunguka.

"Mnaipeleka wapi?" mmoja aliuliza.

"Haifai kwa watoto. Mtapewa vidonge, visagwe na sukari."

"Vidonge wanatapika! Sindano ndiyo tumefuata tangu alfajiri!"

"Wanaipeleka kwa watoto wa wakubwa Kisii," alisema mwingine, na minong'ono ikapanda. Mzee mmoja alimwambia Nyamongo aone aibu. Mwanamke mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa alishika ukingo wa boksi akalivuta, na Eucabeth akavuta upande wake, wakawa wanavutana mbele za watu, hadi yule mwanamke akaachia akamwaga laana ambayo Eucabeth hakuijibu. Angewaambia nini? Aliwaahidi kwamba ataketi hapo hapo awasaidie kusaga vidonge, na ndivyo alivyofanya, boksi likiwa katikati ya miguu yake. Aliwanywesha watoto mmoja mmoja kwa kijiko. Waliotapika aliwarudia. Hakuna mama aliyemshukuru.

Bochaberi aliyaona yote hayo akiwa ndani ya gari. Ratemo alikuwa ameshashuka kuwaita ndugu zake. Walipokuja kumbeba mtoto, Bochaberi alipita karibu na Eucabeth, akasimama kidogo, akalitazama boksi na ile foleni ya watoto. Kisha akawafuata wanaume kwenye njia ya kuelekea migombani.

Eucabeth aliporudi hospitalini alikuta Esnah ameondolewa wodini. Siku chache baadaye kamati ya misheni iliketi. Eucabeth aliitwa akaeleza kila kitu: maboksi yaliyofanana, mtu wa stoo ambaye hakusema, sheria iliyolegea, na lile neno lake la "endelea". Wazee wa kamati walimsikiliza kwa heshima. Jioni Metroni alimsomea uamuzi. Esnah ameachishwa kazi kwa uzembe. Mtu wa stoo ameonywa. Jina la Eucabeth halikuwamo.

"Niandike na mimi," Eucabeth alisema.

"Nikikuandika itabidi uondoke pia. Wodi ile nimwachie nani, na malaria hii?"

"Metroni, nilileta habari ili vichupa viondolewe. Sikuleta ili Esnah afukuzwe."

"Watu wanataka kusikia kuna aliyewajibika," Metroni alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ndivyo ilivyo. Rudi kazini, Sista."

Akarudi kazini. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye, jinsi alivyorudi kirahisi, akavaa aproni, akapima homa za watoto.

Onchiri alimjia mara moja tu. Alikataa kuketi. "Hakuna aliyekuuliza kitu, dada," alisema. "Mtoto wa watu alikuwa ameshakufa. Ungeondoa hivyo vichupa vyako kimya kimya, mke wangu angekuwa kazini hadi leo."

"Na boksi la Ekerenyo? Gari ningelipataje bila kusema?"

"Ungetafuta uongo. Watu hutafuta uongo kwa ajili ya watu wao."

Eucabeth alikuwa ameshalifikiria hilo mwenyewe, na uongo wenyewe haukuwa mgumu kuupata. Sabato iliyofuata, baada ya kanisa, alipita nyumbani kwa mama yake. Mama alimletea kiti cha wageni. Alimtilia chai katika kikombe cha maua, kile cha kumwandalia pasta, akamuuliza habari za safari. Eucabeth alikunywa chai ile, akasema ahsante, akaaga. Njiani alijibonyeza kifua kwa ngumi, kama anayegonga mlango kuona kama kuna mtu ndani.

Malaria ilishuka mvua zilipokwisha. Wodi ilitulia, na katika utulivu ule Eucabeth alianza kuona mambo. Siku moja alipokuwa akikagua debe la taka alikuta kichupa kimezungushiwa pamba na kusukumwa chini kabisa. Kilikuwa cha dawa ambayo hakuna mgonjwa aliyeandikiwa siku hiyo. Aliwauliza manesi. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Alikwenda kitanda kwa kitanda akiwapima watoto wote mapigo ya moyo, bila kujua anamtafuta nani. Hakuna aliyedhurika. Lakini alielewa. Walikuwa wamejifunza kwa Esnah kwamba anayeonekana ndiye anayefukuzwa, na sasa makosa yalikuwa yakizikwa kwenye pamba.

Asubuhi iliyofuata, baada ya wimbo na sala ya kuanza kazi, manesi wote wakiwa ukumbini, Eucabeth hakuketi kama wengine.

"Yule mtoto wa Ekerenyo," alisema, "Esnah aliniletea kichupa nisome. Alifanya alivyofundishwa. Mimi sikusoma. Niliiambia kamati, wakaliacha jina langu nje kwa sababu mimi ni sista. Nawaambia ninyi ili mjue. Anayekosea aje aniambie siku hiyo hiyo. Akifukuzwa, nitaondoka naye. Nimeshaandika."

Na kweli alikuwa ameandika. Barua ya kuacha kazi, bado bila tarehe, ilikuwa mfukoni mwa aproni yake, akaitoa akampa Metroni mbele ya watu. Metroni aliipokea bila kuifungua.

Aliyekuja wa kwanza alikuwa Nyasani, nesi wa wodi ya wanaume, mchana wa juma lililofuata. Alikuwa amempa mzee mmoja vidonge vya mgonjwa wa kitanda cha pili. Eucabeth alimshika mkono wakaenda pamoja kwa Metroni, kisha wote watatu wakaenda kuketi na yule mzee, ambaye alifurahi kupata wageni akawasimulia habari za ng'ombe wake mpaka jua likapoa. Hakupata madhara. Metroni alimwuliza Nyasani swali moja tu: "Ilitokeaje, na tufanye nini isitokee tena?"

Nyasani hakufukuzwa. Mwezi ule dawa za watoto zilihamishiwa kabati la peke yake, mbali na za watu wazima, na mtu wa stoo akaamriwa asipange boksi jipya kabla halijasomwa na msimamizi wa wodi. Hatimaye Metroni mwenyewe akasema huenda kamati ikakubali kumrudisha Esnah, kama Esnah akitaka.

Eucabeth alimkuta kwenye shamba la chai la Onchiri, ameinama kati ya mistari, kapu mgongoni. Alikuwa amekonda. Eucabeth alimweleza alichosema Metroni. Esnah aliendelea kuchuma, mikono yake ikienda upesi upesi.

"Ulipowaambia wale wazazi," aliuliza, "ulinitaja?"

"Hapana. Nilisema nesi."

"Ungenitaja." Akatupa majani kapuni. "Mimi nilitaka kuwaambia mwenyewe, wifi. Mliniweka kwenye chumba cha mashuka, mkafunga mlango, mkaondoka na gari. Sikukasirika kwamba ulisema. Onchiri ndiye aliyekasirikia hilo. Mimi nilikasirika kwamba mlisema bila mimi."

Eucabeth alisimama pale na viatu vyake vya hospitali vikizama kwenye udongo. Miezi yote ile, kila alipolaza kichwa, alikuwa akijibu shtaka jingine kabisa.

"Nilikwenda Ekerenyo," Esnah alisema. "Baada ya kufukuzwa. Kwa miguu."

"Walikuambia nini?"

"Ratemo alikataa kutoka ndani. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniletea maji ya kunywa. Nikayanywa, nikarudi."

"Nisamehe, Esnah."

Esnah alisogea kichaka cha pili, na Eucabeth akamfuata.

"Utarudi kazini?"

"Sijui. Nikishika hata sindano ya kushonea nguo, vidole vinaacha kusikia." Alimtazama wifi yake kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe je, bado unasikia?"

"Sisikii," alisema Eucabeth. "Nafanya kazi tu."

Esnah akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari ya ugonjwa anaoujua. Kisha akamwonyesha kwa kidevu mstari uliokuwa haujaguswa. Eucabeth akavua saa yake ya uuguzi kifuani, akaitia mfukoni, akaanza kuchuma. Hakuwa mzoefu, alichuma majani magumu pamoja na machanga, na Esnah akawa anayachambua na kuyatupa. Wakaenda hivyo hadi mwisho wa mstari, wakageuka, wakaanza mwingine.